Tableti kuwa kioo cha pili cha laptopu: waya kwanza, Wi-Fi baadaye

Ukiingia duka la simu ukaeleza kwamba wataka tableti yako iwe kioo cha pili cha laptopu, kuna uwezekano mkubwa utaletewa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na USB-C upande wa pili. Usiununue. Waya huo ni wa njia moja: hutoa picha kwenye simu au tableti na kuipeleka kwenye televisheni. Tundu la USB-C la tableti ya kawaida, hata lile linaloweza kutoa picha, halikutengenezwa kuipokea, wala hakuna saketi ndani ya kuisoma. Ugeuze utakavyo, kioo kitabaki cheusi. Tableti zenye tundu la kupokea picha zahesabika. Lenovo Yoga Tab 13 ya mwaka 2021 ni mojawapo, ina HDMI ndogo ya kuingizia. Mwenye nayo achomeke waya wa HDMI tu, hana haja ya mengi yanayofuata.

Sisi wengine twapita njia ya programu. Programu hiyo huiaminisha laptopu kwamba imeunganishwa kioo kingine. Laptopu huchora picha ya kioo hicho kisichokuwepo, huibana kama inavyobanwa video, huituma, na tableti huifumua na kuionyesha. Hakuna namna ya kukwepa huko kubana. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, biti 24 kila pikseli, mara 60 kwa sekunde, ni karibu gigabiti 3 kila sekunde. Tundu la USB 2.0, ambalo ndilo lililomo kwenye tableti nyingi za bei ya wastani, mwisho wake ni megabiti 480, na hizo ni za kwenye karatasi. Kwa hivyo kuna kazi inafanyika pande zote mbili muda wote, na laptopu kuukuu utaijua kwa feni yake kuanza kuvuma. Prosesa za Intel zilianza kupata sehemu maalumu ya kubania video mwaka 2011. Laptopu ya kabla ya hapo itaumia, na sishauri kuihangaisha.

Picha ikishabanwa, yapaswa kupita mahali. Hapo ndipo watu wa Lamu wanapokwama, na hukwama kwa sababu maelekezo mengi huanzia kwenye Wi-Fi, kana kwamba kila mtu anaishi kwenye nyumba ya kuta za mbao. Nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani ina ukuta wa matumbawe na chokaa unaokaribia nusu mita kwa unene. Mawimbi ya gigahezi 5, yale ya kasi, hufifia vibaya kwenye ukuta mmoja tu wa aina hiyo. Ya gigahezi 2.4 hupenya kiasi, lakini ni finyu: yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na majirani wote wako humo humo. Halafu kuna mtindo wa kuiweka rauta ndani ya kidaka kwa sababu yapendeza pale na haimsumbui mtu. Kidaka ni shimo ndani ya ukuta. Rauta imezungukwa na jiwe kila upande isipokuwa mbele. Itoe, iweke mahali panapotazama kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, ambapo hakuna dari wala ukuta wa kuzuia, na vyumba vinavyofungukia hapo vitapata mawimbi ya maana. Kwenye nyumba za makuti za Malindi taabu ni kinyume: mawimbi yako hupita bila kizuizi, na ya jirani vilevile, mkawa mwapigania hewa.

Kuna jambo jingine kuhusu rauta ambalo halisemwi sana. Laptopu na tableti zote zikiwa kwenye Wi-Fi, kila picha hupita hewani mara mbili: laptopu hadi rauta, kisha rauta hadi tableti. Ukiiunganisha laptopu na rauta kwa waya wa mtandao, safari moja ya hewani imeondoka, na mara nyingi kukwamakwama hupungua papo hapo.

Lakini waya wa USB kati ya laptopu na tableti huondoa safari zote mbili, na stima ikikatika hauna habari. Rauta hufa, laptopu na tableti zina betri zao, kazi inaendelea. Kioo cha kawaida cha mezani nacho kingezimika pale pale. Kwa mtu anayefanya kazi pwani hii, hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kuchagua tableti.

Kwa laptopu ya Windows 10 au 11 na tableti ya Android, programu ya kuanza nayo ni spacedesk. Ni ya Kijerumani, na kwa matumizi ya mtu binafsi haina malipo. Ina sehemu mbili. Ya laptopu hupakuliwa kwenye tovuti yao yenyewe. Ya tableti iko Play Store. Ile ya laptopu huingiza draiva ya kioo, yaani programu ndogo ya kukiendesha, kwa hivyo yahitaji akaunti ya msimamizi. Laptopu ya ofisi iliyofungwa haitakubali, na dawa ya hiyo iko mbele kidogo. Ukimaliza, izime laptopu na kuiwasha upya hata kama hukuombwa. Fungua dirisha la spacedesk la kudhibiti draiva, tafuta sehemu ya mawasiliano, washa ile ya waya wa USB kwa Android. Chomeka tableti, fungua programu upande wake, na ikiuliza ruhusa kubali. Kioo kikishatokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua “Extend”. Ukichagua “Duplicate” utapata picha ileile mara mbili, ambayo haina faida yoyote kwako.

Kisha nenda mipangilio ya onyesho kwenye Windows. Utaona visanduku viwili, 1 na 2. Kiburute cha pili kikae upande ambao tableti imekaa kweli mezani, na kimo chake kilingane. Watu huruka hatua hii, halafu hulalamika kwamba mshale wa kipanya “haupiti”. Unapita, ila kwa upande mwingine.

Waya wenyewe ndio chanzo cha malalamiko mengi kuliko programu. Waya kamili wa USB 2.0 una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Nyaya nyingi za bei ya chini, hasa zile zinazokuja na taa, feni ndogo na pawabenki, zina nyuzi za umeme tu. Tableti itachaji vizuri kabisa, alama ya chaji itaonekana, na laptopu haitajua kwamba kuna kitu kimechomekwa. Kipimo ni rahisi: weka tableti kwenye hali ya kuhamisha faili, ujaribu kunakili picha moja kwenda laptopu. Ikishindikana, badilisha waya kabla hujagusa mipangilio yoyote. Chukua wa mita moja. Waya mwembamba wa mita mbili au tatu hupoteza umeme njiani, tableti ikawa yachaji na kuacha, yachaji na kuacha, na kila inapoacha mawasiliano yanaweza kukatika.

Waya ukiwa mzima na spacedesk bado haioni tableti, tumia mlango wa nyuma: washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye tableti. Hapo waya unageuka kuwa mtandao mdogo kati ya vifaa viwili, na programu hupita humo kama inavyopita kwenye Wi-Fi. Tableti nyingine zisizo na laini ya simu hazina chaguo hili. Kwa zenye laini, zima data ya simu kwanza. Usipoizima, Windows itadhani imeletewa intaneti mpya na itaanza kushusha masasisho yake kwa bando lako.

Na hapo pana hofu moja ya kuiondoa. Picha zinazokwenda kati ya laptopu na tableti hazili bando hata kidogo, kwa waya, kwa rauta au kwa hotspoti ya simu. Haziondoki nyumbani. Kinacholiwa ni yale ambayo laptopu hufanya kisirisiri ikishaona intaneti. Kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows, uwekee mtandao huo alama ya kuwa ni wa kupimwa (“Metered”), na masasisho mengi makubwa yatasubiri.

Kwa wanaolazimika kutumia Wi-Fi ya nyumba ya wageni, tuseme Shela au Malindi mjini, kuna mtego. Mitandao mingi ya wageni imewekwa kwa makusudi isiruhusu kifaa cha mteja mmoja kukiona cha mwingine. Intaneti iko, kasi iko, spacedesk haioni kitu. Hakuna mpangilio wa upande wako utakaosaidia. Rudi kwenye waya, au washa hotspoti ya simu na uviunganishe vifaa vyote viwili huko. Kama mtandao hauna kizuizi hicho, hofia kinyume chake: mgeni mwingine mwenye programu ileile anaweza kuiona laptopu yako kwenye orodha. Zima spacedesk kwenye dirisha lake la kudhibiti kila umalizapo kazi. Na kama ni mtandao wako wa nyumbani ambao Windows imeuchukulia kuwa wa hadharani, ubadilishe uwe wa binafsi, maana kinga ya mtandao ya Windows huenda ndiyo inayofunga njia.

Umeme. Tundu la USB 2.0 la laptopu hutoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5. La USB 3.0 hutoa ampea 0.9, wati 4.5. Tableti ya inchi 10 yenye mwanga mkali na inayofumua video bila kupumzika yaweza kula zaidi ya hapo, ndiyo maana asilimia ya betri hushuka pole pole ingawa alama ya chaji inawaka. Si ubovu. Betri ya mAh 7,000 hubeba kama wati-saa 26. Ikipungukiwa na wati-saa 2 kila saa, una zaidi ya saa kumi. Linalouma ni upande wa laptopu. Tuseme betri yake ni ya wati-saa 45 na yenyewe hula wati 12: ingedumu saa tatu na robo tatu. Ikimlisha mgeni wa wati 4.5, zinabaki chini kidogo ya saa tatu. Stima ikikatika, punguza mwanga wa tableti kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Usiiache tableti kwenye ukubwa wake wote wa pikseli. Inchi 10.1 zenye pikseli 1920 kwa 1200 ni pikseli 224 kwa kila inchi. Laptopu ya inchi 14 yenye 1366 kwa 768 ina 112. Dirisha ulilolisoma vizuri kwenye laptopu likivutwa hadi tableti litakuwa nusu ya ukubwa, herufi kama sisimizi. Unaweza kukuza maandishi ya kioo hicho peke yake hadi asilimia 150 au 175, na macho yatashukuru. Ila kwa laptopu dhaifu ni bora kushusha pikseli zenyewe hadi 1280 kwa 800. Ni pikseli milioni moja badala ya milioni 2.3, kazi ya kubana ikapungua zaidi ya nusu, na kwenye inchi 10 ukali wake bado unaushinda wa laptopu nyingi.

Herufi za rangi ni kisa kingine. Video inapobanwa kwa njia ya kawaida, weupe na weusi huhifadhiwa kamili lakini rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa kimo. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe hutoka safi. Maandishi madogo mekundu kwenye rangi ya buluu huvuja kingo. Kwa hivyo kioo cha tableti kiwekee vitu vya kusomwa, visivyosogea: taarifa ya M-Pesa unapojaza hesabu upande wa pili, kalenda ya vyumba vya wageni, jedwali la maji kujaa na kupwa, matini ya asili kwa mfasiri. Filamu iache kwenye laptopu.

Wenye vifaa vya Apple wamepunguziwa safari. Sidecar, njia yao wenyewe ya kuifanya iPad kuwa kioo cha pili, ilikuja mwaka 2019 pamoja na macOS Catalina na iPadOS 13, na haina malipo. Yataka iPad ya kizazi cha 6 au baadaye, Air ya kizazi cha 3, mini ya kizazi cha 5, au Pro yoyote. Upande wa laptopu, MacBook Pro ya 2016 au Air ya 2018 kwenda mbele. Akaunti iwe moja pande zote, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na hapo ndipo iPad ya kuazima inapokataa. Bila waya, umbali usizidi mita 10, Bluetooth na Wi-Fi zote ziwe zimewaka, na iPad isiwe inagawa intaneti yake. Usitarajie kubonyeza vitu kwa kidole kama ulivyozoea. Kidole ni cha kuvuta kurasa, kubonyeza ni kazi ya kalamu. Mwenye Mac na tableti ya Android, au Windows na iPad, atazame Duet, programu ya kulipia iliyoanza 2014.

Samsung za daraja la juu, kuanzia Tab S7 ya 2020, zina Second Screen ndani yake. Washa kwenye paneli ya juu ya tableti, kisha kwenye laptopu bonyeza Windows na herufi K, chagua jina la tableti. Uzuri wake ni kwamba hutumia Miracast, ambayo huunganisha vifaa moja kwa moja bila rauta, kwa hivyo kukatika kwa stima hakuigusi. Laptopu yako kama inaweza, utajua kwa kufungua dirisha la amri na kuandika netsh wlan show driver. Karibu na mwisho pana mstari wa “Wireless Display Supported”. Ikiwa jibu ni “No”, usipoteze jioni nzima.

Sasa ile laptopu ya ofisi isiyokubali programu. Nunua kifaa kidogo cha kunasa picha ya HDMI, kile chenye tundu la HDMI upande mmoja na kichwa cha USB upande wa pili. Chomeka HDMI ya laptopu humo, kisha kifaa kwenye tableti kwa adapta ya OTG, ile inayoiwezesha tableti kuchomekwa vifaa vya USB, ufungue programu ya kuonyesha kamera za USB. Laptopu huamini imeunganishwa televisheni, haihitaji kuingizwa chochote. Tableti huamini imechomekwa kamera. iPad zenye USB-C nazo zimeweza jambo hili tangu iPadOS 17 ya mwaka 2023. Vile vya bei nafuu hutoa fremu 30 kwa sekunde kwa 1080, na mshale utauona ukichelewa kidogo. Kasoro kubwa ni chaji: sasa tableti ndiyo inayolisha kifaa, na tundu lake la pekee limeshikwa. Bila habu inayopitisha umeme wa chaji, una saa chache tu.

Dirisha likipotea baada ya kuchomoa tableti, usiwashe upya laptopu. Lichague kwenye upau wa chini, ushike Shift na Windows pamoja, ubonyeze mshale wa kushoto au kulia, litarudi.

Kioo kinachoanza vizuri na kukokota baada ya nusu saa kwa kawaida ni joto. Apple husema vifaa vyake vitumike penye nyuzi zisizozidi 35, na chumba cha juu chenye bati mwezi wa Machi, kaskazi ikifia, chafikia hapo kabla ya adhuhuri. Prosesa hujipunguza kasi ili isiungue. Vua kava, acha nafasi nyuma ya tableti, na kama ina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye asilimia 80 au 85, uwashe, kwani betri iliyojaa pomoni na yenye joto mchana kutwa huvimba mapema.

Kuhusu pa kuiegemeza: marfaa, kile kiegemezo cha kitabu, ndiyo hujia watu akilini, na seremala wa Lamu atakuchongea moja kwa urahisi, mbali na ile ya msahafu. Lakini marfaa hulaza kitu kwa msomaji aliyeketi sakafuni. Mezani shingo itakuinama. Mwambie akuchongee kibao chenye mfereji, kiegemee nyuma kidogo tu, na kimo chake kipandishe ukingo wa juu wa tableti ulingane na wa laptopu. Mfereji uwe na upenyo chini ili waya upite bila kukunjwa.

Chumvi ndiyo hula matundu. Upepo wa bahari huiacha kwenye pini, ikakutana na unyevu, ikafanya kutu ya kijani, na siku moja chaji ikawa inashika ukiinamisha waya upande mmoja tu. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji ya chumvi vilevile. Zima tableti, kwangua vumbi kwa kijiti cha meno kilicho kikavu, paka tone la spiriti ya isopropili kwa brashi ndogo, uache robo saa ikauke. Ukivuka kwa boti kutoka Mokowe, tableti iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukifika usiichomeke mara moja ikiwa tundu limepata rasharasha, kwa sababu pini zenye maji ya bahari zikipewa umeme huliwa kwa dakika badala ya miezi.